Kutoka Uyoga hadi Dawa ya Virusi: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Arusha na Moshi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mfamasia au mtaalamu wa maabara aliyeko Arusha au Moshi, ambaye ameshasoma kwamba uyoga una viambata vinavyozuia virusi na sasa anataka kujua kazi hiyo inaanzia wapi na inapitia wapi kabla kiambata hakijaitwa dawa. Haukuandikwa kwa ajili ya mgonjwa anayetafuta cha kunywa leo jioni, na sababu yake itaonekana kadiri tunavyoendelea.

Uyoga umekwisha kutupatia dawa za kweli. Mwaka 1951 watafiti wa Marekani walieleza kiambata kinachoitwa pleuromutilini, walichokitenga kutoka uyoga mdogo ambao leo unajulikana kama Clitopilus passeckerianus. Kutoka katika kiambata hicho ilipatikana tiamulini, dawa ya nguruwe na kuku. Kisha retapamulini ya kupaka kwenye ngozi, iliyoidhinishwa mwaka 2007. Na hatimaye lefamulini ya nimonia, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Kati ya kiambata cha kwanza na dawa hiyo ya mwisho ilipita miaka 68. Hata hivyo, dawa zote hizo ni za bakteria. Kwa upande wa virusi zipo taarifa nyingi za maabara, mojawapo ikiwa ya mwaka 1998 kuhusu triterpenoidi (kundi la kemikali zinazopenda mafuta) za uyoga wa Ganoderma zilizozuia Virusi vya Ukimwi ndani ya seli, lakini hakuna kiambata cha uyoga ambacho kimevuka safari yote na kusajiliwa kuwa dawa ya kisasa ya kutibu virusi.

Ni muhimu kuelewa kwa nini, kwa sababu hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya jibu hilo. Bakteria ana ribosomu, yaani vinu vya kutengeneza protini, zake mwenyewe, na pleuromutilini huzishika hizo na kuziacha zetu. Kirusi hana kiwanda. Hutumia kiwanda cha seli aliyoingia. Kwa hiyo ni rahisi sana kupata kitu kinachozuia virusi kwa sababu tu kinaidhuru seli. Mfano ulio wazi kuliko wote unatoka kwenye uyoga wenyewe: sumu ya alfa-amanitini, iliyomo katika Amanita phalloides, huzuia virusi vya mafua kuzaliana ndani ya seli, kwa kuwa inakifunga kimeng'enya cha seli kinachonakili DNA kuwa RNA, nacho kirusi hicho kinakitegemea. Sumu hiyo hiyo huharibu ini, na kofia moja ya uyoga huo inatosha kumuua mtu mzima. Kuitumia ni sawa na kuchoma nyumba ili kuua kunguni. Kila jaribio utakalolifanya, liulize swali moja: je, kiambata hiki kinazuia kirusi huku kikiiacha seli salama?

Hatua ya kwanza: chagua kirusi kabla ya kuchagua uyoga

Wengi huanza na uyoga walionao, kisha wakatafuta ugonjwa wa kuupachika. Mimi nashauri kinyume chake. Eneo letu lina magonjwa ya virusi yasiyo na dawa mahususi, na hapo ndipo kazi ya mtafiti wa hapa ina thamani ya pekee. Homa ya dengi imelipuka nchini zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2014 na 2019. Chikungunya imepata jina lake kwa Kimakonde, kutokana na jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo, na ilitambuliwa kwanza katika mlipuko wa kusini mwa nchi yetu mwaka 1952. Homa ya Bonde la Ufa, katika mlipuko wa 2006 hadi 2007, iliwagusa moja kwa moja wafugaji wa mkoa wa Arusha.

Lakini usikimbilie kuvikuza virusi hivyo. Maabara hupangwa kwa viwango vinne vya usalama wa kibiolojia, na virusi kama vya Homa ya Bonde la Ufa huhitaji kiwango cha tatu, chenye mfumo wa hewa inayovutwa ndani na kuchujwa, pamoja na watumishi waliofunzwa na kuchanjwa pale chanjo inapokuwepo. Njia ya busara ni kuanza na kirusi cha mfano kinachoruhusiwa katika kiwango cha pili, kama vile kirusi cha malengelenge cha aina ya kwanza, au kirusi cha Sindbis ambacho ni ndugu wa chikungunya. Ukishapata kiambata safi chenye matokeo ya kuaminika, ndipo unapotafuta ushirikiano na maabara ya kiwango cha tatu. Ukiwa huna kabisa maabara ya kukuza seli, mazungumzo na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, au na taasisi ya utafiti iliyo pamoja na hospitali ya KCMC pale Moshi, yaanze mapema, kwa sababu kupata nafasi katika maabara ya watu kunachukua muda mrefu kuliko kukausha uyoga.

Hatua ya pili: vibali na makubaliano

Uyoga wa porini ni mali ya asili ya nchi. Ukiutaka kutoka hifadhi ya msitu, kibali ni cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS); ukiutaka kutoka hifadhi ya taifa, iwe Arusha au Kilimanjaro, utapitia Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI); ukiutaka kutoka ardhi ya kijiji, nenda kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Uliza pia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kuhusu kibali cha utafiti, hasa ukiwa na mshirika kutoka nje. Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, inayotaka faida itokanayo na rasilimali za kijenetiki igawanywe kwa haki na wale ambao rasilimali hizo zimetoka kwao. Kwa hiyo sampuli isivuke mpaka bila mkataba wa maandishi wa uhamishaji, unaosema nani ataitumia, kwa kazi gani, na nini kitatokea ikizaa kitu cha kuuzwa.

Ikiwa mama mmoja mzee wa Machame au Usa River ndiye aliyekuonyesha uyoga na kukueleza matumizi yake, maarifa yake nayo yana haki. Yaandikwe kwa ridhaa yake, kwa lugha anayoielewa, kabla hujachukua hata kofia moja. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewahi kuona wazee wakihojiwa mchana kutwa, wakaahidiwa kwamba wataletewa majibu, na hakuna aliyerudi.

Hatua ya tatu: ujue uyoga wako kwa hakika

Kosa la jina hapa huharibu kila kitu kinachofuata. Kwa miaka mingi uyoga mgumu unaong'aa, unaoota kwenye visiki, umekuwa ukiitwa Ganoderma lucidum popote unapoonekana, wakati ambapo aina hiyo kwa maana yake halisi ni ya Ulaya, na zile za kwetu za kitropiki ni aina nyingine zenye kemia yake. Ukiandika jina la Ulaya juu ya uyoga wa Meru, mtafiti mwingine atashindwa kurudia kazi yako na hatajua kwa nini.

Piga picha uyoga ukiwa bado umeota, ukionyesha juu, chini na shina. Andika mti au udongo uliootea, mwinuko, tarehe na viwianishi vya mahali. Weka kofia juu ya karatasi nusu nyeupe na nusu nyeusi usiku kucha ili upate rangi ya mbegu zake ndogo. Kata kipande kidogo cha ndani kwa ajili ya DNA na ulinganishe eneo lake liitwalo ITS, ambalo ndilo alama inayotumiwa zaidi kutambua kuvu. Sampuli moja iliyokaushwa iwekwe katika hebaria (hifadhi ya sampuli kavu za mimea na kuvu) inayotambulika na ipewe namba. Hebaria ya taifa iko hapa hapa Ngaramtoni, katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, nawe uwaulize kwanza utaratibu wao wa kupokea uyoga.

Kama inawezekana, chagua uyoga unaoweza kulimwa. Uyoga mamama unastawi kwenye mabua ya maharage, majani makavu ya migomba na pumba za mpunga kutoka mashamba ya Lower Moshi, na mkulima anaweza kukupa mzigo unaofanana mwezi hadi mwezi. Uyoga wa mchwa, kwa utamu wake wote, hauwezi kulimwa kwa njia hiyo kwa sababu unaishi kwa ushirika na mchwa. Ukipata kiambata kizuri ndani yake utakuwa mtumwa wa msimu wa mvua. Epuka uyoga ulioota kando ya barabara kuu au karibu na mashamba yanayopuliziwa dawa, kwa kuwa uyoga hunyonya metali nzito kama kadimiamu na kuzikusanya mwilini mwake.

Hatua ya nne: kukausha na kupata dondoo

Dondoo ni kile kinachobaki baada ya viambata kuyeyushwa kutoka kwenye uyoga na kiyeyushi kuondolewa. Kausha uyoga kivulini au kwenye kikaushio kwa nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, usage uwe unga, uupime na uuhifadhi mahali pakavu pasipo mwanga. Uyoga laini una maji takriban asilimia 90, hivyo kilo 10 mbichi zitakupa kama kilo moja ya unga. Panga ununuzi wako kwa hesabu hiyo.

Loweka unga katika kiyeyushi kwa uwiano wa gramu moja kwa mililita 10, ukianza na kile kinachopenda mafuta na kumaliza na maji: heksani, kisha ethili asetati, kisha ethanoli ya asilimia 70, na mwisho maji ya moto juu ya masalia. Triterpenoidi utazikuta zaidi katika ethili asetati na ethanoli, ilhali beta-glukani na polisakaraidi nyingine (minyororo mirefu ya sukari) zitatoka kwenye maji ya moto kwa saa mbili au tatu. Kumbuka kwamba Arusha, kwa mwinuko wake wa takriban mita 1,400, maji huchemka karibu nyuzi 95 na si 100. Maelekezo yaliyoandikwa pwani au Ulaya yanahitaji muda zaidi hapa, au chombo cha shinikizo. Tumia maji yaliyokenekwa. Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi, na mtafiti anayechemsha uyoga kwa maji ya bomba anaingiza chumvi ambazo hatazijua hadi matokeo yatakapomchanganya.

Polisakaraidi hutenganishwa kwa kuongeza ethanoli mara tatu au nne ya ujazo wa maji, kuacha usiku kucha kwa nyuzi 4, na kukusanya mashapo. Kwa dondoo hizi fanya kipimo cha endotoksini, yaani mabaki ya kuta za bakteria, kwa sababu kiasi kidogo sana chake huamsha seli za kinga na kumfanya mtu adhani kwamba ni uyoga wake uliofanya kazi.

Hatua ya tano: sumu kwanza, kirusi baadaye

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka. Seli zinazotumika zaidi ni za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili wa Afrika na kuanza kukuzwa Japani mwaka 1962. Zinahitaji nyuzi 37, kaboni dayoksaidi ya asilimia 5 na umeme usiokatika. Kama jengo lenu halina jenereta inayojiwasha, usianzishe seli.

Kabla ya kugusa kirusi, weka seli pamoja na dondoo kwa viwango vinavyoshuka, tuseme kuanzia mikrogramu 500 kwa mililita na kugawanya kwa mbili hadi mara nane, na upime baada ya saa 48 au 72 ni seli ngapi ziko hai. Kiwango kinachoua nusu ya seli huitwa CC50. Dondoo isiyoyeyuka kwenye maji huyeyushwa kwa DMSO (kiyeyushi cha maabara), lakini DMSO yenyewe isizidi asilimia 0.5 kwenye kisima (kishimo kimoja cha sahani ya majaribio), na visima vyenye DMSO peke yake viwepo katika kila sahani.

Kipimo kinachopendwa ni cha MTT, ambapo seli hai hugeuza rangi ya njano kuwa zambarau. Kilinigharimu miezi minne. Nilikuwa na dondoo ya kahawia nzito kutoka Ganoderma wa porini, na kila nilipopima, seli zilionekana kuwa hai kwa zaidi ya asilimia 100, hata pale darubini ilipoonyesha kwamba zimejikunja na kung'oka. Niliamini namba nikaacha kuamini macho yangu. Baadaye nilijaza visima visivyo na seli hata moja, nikaongeza dondoo na MTT, navyo vikageuka zambarau: fenoliki za uyoga zilikuwa zikiibadilisha rangi zenyewe. Tangu wakati huo kila sahani yangu ina visima visivyo na seli, ninaosha dondoo kabla ya kuongeza MTT, na sitangazi CC50 yoyote ambayo haijathibitishwa kwa njia ya pili, kama kuhesabu seli kwa rangi ya tripani bluu.

Ukishajua viwango vilivyo salama, ndipo unaambukiza seli na kupima kirusi. Hesabu madoa ya seli zilizokufa kwenye sahani, ukilinganisha visima vyenye dondoo na visivyo nayo. Kiwango kinachopunguza madoa kwa nusu ni IC50. Gawanya CC50 kwa IC50 upate kipimo cha uteuzi. Tuseme dondoo moja ina CC50 ya 400 na IC50 ya 80: jibu ni 5, na hiyo iweke kando. Nyingine ina CC50 ya 200 na IC50 ya 4: jibu ni 50, na hiyo ifuate, ingawa kwa mtazamo wa kwanza ilionekana kuwa na sumu zaidi. Wengi tunachukua 10 kuwa kizingiti cha chini. Rudia mara tatu, kwa siku tofauti na kwa mzigo tofauti wa uyoga, na uwe na dawa inayojulikana ya kulinganishia. Kwa malengelenge ni asiklovia.

Jambo moja husahaulika. Seli za Vero haziwezi kutengeneza interferoni, kemikali ambayo seli za kawaida hutoa kujihami dhidi ya virusi. Ikiwa polisakaraidi yako hufanya kazi kwa kuamsha kinga, kama ilivyo kwa lentinani ya shiitake, ambayo Japani iliiidhinisha mwaka 1985 kutumika pamoja na dawa za saratani ya tumbo, basi Vero hazitaonyesha chochote. Hapo unahitaji seli za kinga, na zikitoka kwenye damu ya watu unahitaji kwanza kibali cha maadili.

Hatua ya sita: kinazuia wapi?

Ongeza dondoo kwa nyakati tofauti: kwa kirusi peke yake kabla ya kuambukiza, wakati wa kuambukiza, na saa mbili, nne na nane baadaye. Kinachofanya kazi pale tu kinapochanganywa na kirusi mwanzoni huzuia kirusi kuishika seli. Kinachofanya kazi hata baada ya saa nne kimegusa uzazi wa kirusi ndani ya seli, na kwa maoni yangu hicho ndicho cha kuthaminiwa zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu ya historia chungu. Polisakaraidi zenye chaji hasi huzuia virusi vingi kwenye sahani kwa urahisi wa kushangaza. Jeli ya selulosi salfeti ilionekana hivyo dhidi ya VVU, ikafikia majaribio kwa wanawake, wakiwemo wa Uganda, Benin na Afrika Kusini, na majaribio hayo yakasimamishwa mwaka 2007 baada ya takwimu kuonyesha kwamba haikuwakinga, pakiwa na dalili kwamba huenda iliongeza hatari. Sahani haina ute, wala damu, wala ini.

Hatua ya saba: kutoka dondoo hadi kiambata kimoja

Gawanya dondoo kwenye safu ya silika (bomba lenye unga unaotenganisha viambata), jaribu kila sehemu dhidi ya kirusi, chukua iliyo bora, igawanye tena. Katika kila mgawanyo hesabu kama nguvu jumla imebaki. Ikipotea kabisa, huenda viambata viwili vilikuwa vikisaidiana, au kimoja kimeharibika njiani. Mapema kabisa, linganisha uzito wa molekuli zako na zile zinazojulikana, kwa kutumia kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi, ili usitumie mwaka mzima kuigundua upya ergosteroli, ambayo imo karibu katika kila uyoga. Umbo kamili huthibitishwa kwa NMR, mashine inayotumia sumaku kusoma mpangilio wa atomi, na sampuli hupelekwa kwenye mashine hiyo kwa mkataba.

Hatua ya nane: kukifanya kiambata kiweze kuishi mwilini

Kodisepini, kiambata cha kuvu aitwaye Cordyceps militaris, inafundisha vizuri hapa. Inafanana na adenosini, tofali mojawapo la RNA, lakini imekosa sehemu ya kushikia tofali linalofuata, hivyo mnyororo unakatika. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba kimeng'enya kilichomo kwenye damu huigeuza haraka kabla haijafika popote. Wakemia hulazimika kubadilisha molekuli ili isitambuliwe na kimeng'enya hicho. Njia kama hiyo imewahi kufanikiwa kwa viumbe vingine: nukleosidi za sponji wa baharini ziliwaongoza watafiti hadi vidarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1976 kwa malengelenge. Kwa kawaida hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, hutolewa kwa molekuli iliyobadilishwa au kwa njia mpya ya kuitengeneza, wala si kwa kitu kilichokutwa tu porini, na maombi kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) yatangulie andiko na bango la mkutano.

Baada ya hapo huja panya wa maabara, kwa kibali cha maadili ya wanyama, kupima sumu, muda wa kukaa kwenye damu na nguvu dhidi ya kirusi; kisha utengenezaji wa viwango vya dawa; na ndipo, kwa idhini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) upande wa maadili na ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) upande wa dawa, binadamu wachache wa kwanza walio wazima.

Mpangilio huu hauna njia ya mkato. Sisi wa Arusha tunakumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya siku kadhaa kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga, na wapo wagonjwa wa Ukimwi walioacha ARV kwa matumaini hayo. Kikombe kilitangulia majaribio. Kwa hiyo jirani, shemeji au kiongozi wako wa dini akikuomba "kidogo tu cha ule uyoga wa maabara" kwa ajili ya mgonjwa wake, jibu ni hapana, lisemwe kwa upole na bila kuyumba, na mgonjwa asindikizwe hospitali aendelee na dawa zake. Chupa zote za dondoo ziandikwe kwamba si za kutumiwa na binadamu, zifungiwe kwa ufunguo katika friza ya nyuzi hasi 20, na daftari lionyeshe kila gramu iliyotoka, nani aliichukua na kwa jaribio gani.